Daftari la Mvua la Mama Dorothea

Kila siku saa tatu kamili asubuhi Mama Dorothea alikuwa anafungua kigeti cha waya nyuma ya ofisi ya shamba la chai. Anainama, anatoa chupa iliyomo ndani ya kipimamvua, anamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, anaiinua usawa wa jicho na kusoma. Kisha anaandika. Wachuma chai walikuwa wakimtania wakipita na vikapu vyao mgongoni: "Mama Dorothea, leo Mungu katoa ngapi?" Naye hujibu bila kucheka, "Saba nukta mbili," kisha anakifunga kigeti.

Mimi ni Raheli. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na moja, mingi katika shule moja ya sekondari iliyo kati ya Soni na Lushoto. Nina mdomo; wanafunzi wangu watawaambia. Nimewasema wakuu wa shule, nimewasema wakaguzi, nimewasema watu wa semina wanaokuja na kalamu za bure na kuondoka na chakula chetu. Habari za mama huyu, hata hivyo, nimezikalia miaka mingi, na sababu yake si nzuri.

Dorothea hakuwa Msambaa. Baba yake alitoka Kasulu kama manamba, akaletwa kukata mkonge Korogwe, na binti akazaliwa kambini. Alisoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wake ulikuwa wa kuonea wivu: herufi zimesimama wima, zote za kimo kimoja. Alipanda huku juu kuchuma chai akiwa msichana, akaolewa, akafiwa, hakujaliwa mtoto. Mwaka 1973 mzee Tobia, aliyekuwa akipima mvua shambani, alipoishiwa nguvu za macho, meneja alizunguka kambi nzima akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri na asiyekunywa. Walipatikana wawili. Mmoja alikuwa mlokole aliyesema kupima mvua ni kumkagua Mungu. Ikabaki kwa Dorothea.

Pamoja na kazi ile alipewa nyumba. Chumba kimoja na sebule, bati juu, saruji chini, karibu na ofisi ili asichelewe. Kwa mtu aliyelelewa katika banda la manamba, watu kumi na wawili chumba kimoja, nyumba ile ilikuwa mume na watoto. Aliipaka chokaa kila Krismasi.

Soko huria lilipotufikia milimani, lilitufikia kwa barua. Shamba liliuzwa mwaka 1994. Mwenye shamba mpya, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa kazi yangu hapa si kugombana na marehemu, aliandika barua za kupunguza watu, na kila Jumamosi karani aliyasoma majina mbele ya kiwanda. Katika hamahama ile ya makabati na mafaili, mtu fulani aliivunja gilasi ya kupimia. Ilikuwa tarehe kumi na nne Machi, 1995. Dorothea alikusanya vipande kwenye gazeti na kuvipeleka kwa karani.

"Andika tu, mama," karani akamwambia. "Nani anasoma hayo?"

Akaomba gilasi nyingine. Akaambiwa kama kazi imemshinda, aseme, barua zipo. Akarudi nyumbani kwake, akakaa, akasikiliza mvua juu ya bati, na kesho yake saa tatu akafungua kigeti kama kawaida, akainama, akainuka na kuandika namba aliyoifikiria. Kuanzia siku hiyo alikuwa anatazama daftari la mwaka uliopita, anasikiliza bati, anapunguza hapa, anaongeza pale. Gilasi mpya ililetwa na bwana mmoja wa hali ya hewa aliyepita tu njia, tarehe mbili Juni, 1998.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilimjua kama mama mmoja mnyamavu wa kanisani, anayekaa benchi la nyuma na kutoka wa kwanza.

Mwaka 2000 shule yetu ilipata kompyuta sita za mitumba. Nne ziliwaka. Pamoja nazo alikuja Elisante, fundi wa Kipare, mtu mzima mwenye subira ya punda, na watu wa mradi kutoka Dar es Salaam wakatueleza kwamba tutajenga maktaba ya kidijitali ya kufundishia sayansi ya ardhi, na kwamba vitu vya kuwekwa humo tuvitafute wenyewe. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikubaliana na watu wa mradi. Nilikuwa nimechoka. Watoto wetu walijua kuchora mito ya barafu ya Ulaya, wakaipaka na rangi ya buluu, lakini hakuna aliyeweza kuniambia udongo mwekundu wa nyuma ya choo chao ulitoka wapi.

Tukaanza. Tulipiga picha majabali ya Irente, na kuta za udongo zilizokatwa na barabara ya Mombo, tabaka juu ya tabaka. Tulikwenda Mtae, siku nzima ya kurushwarushwa kwenye lori, tukarekodi sauti za wazee wakieleza ni mashamba yapi yaliporomoka na mwaka gani. Stoo ya majembe ikawa chumba cha maktaba. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kufundisha, na nasema wazi, niliipenda pia kwa sababu watu walianza kuniita wao kwa wao "yule mwalimu wa maktaba".

Siku moja mwezi wa Agosti, 2001, Mama Dorothea alitokea kwenye uwanja wa shule na mzigo wa kuni kichwani. Hazikuwa kuni. Yalikuwa madaftari ishirini na nane yamefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwalimu. Ofisi wanasafisha. Wanapeleka karatasi zote kwenye tanuri la kukaushia chai. Nimesikia nyie mnatunza."

Alikuwa amestaafishwa wiki ile. Ile nyumba walimpa siku saba aiache. Kipimamvua chenyewe walikuwa wamekwisha kukitupa nje, na Elisante akakifuata kwa baiskeli na kukisimika kando ya maktaba. Mama akapanga chumba kwa mama mmoja jirani na shule, na kila asubuhi saa tatu akawa anakuja kwetu kupima.

Mvua ya kila siku, miaka ishirini na nane! Kwa mwalimu wa jiografia hiyo ilikuwa dhahabu. Elisante alikaa miezi minne akiingiza namba. Tulipochora grafu ya kwanza na mistari ya buluu ikasimama kwenye kioo cha kompyuta, nilimwita Mama Dorothea aje aone. Alitazama kidogo, akasema ana nguo juani, akaondoka. Nikadhani ni haya ya mtu asiyezoea kusifiwa.

Ndipo nikaandika Somo la Saba, mvua na maporomoko. Mwezi Januari 1998, wakati wa zile mvua kubwa, kilima kinachotazamana na shamba la chai kilimeguka na kufunika migomba. Nikafungua daftari la mwaka ule: arobaini na nane, sitini na moja, hamsini na tatu. Jumla ya siku tatu, mia moja sitini na mbili. Nikaandika kwa mkono wangu: mvua ikikaribia milimita mia moja sitini na mbili kwa siku tatu, watu wa mabondeni chini ya kilima cha namna hii wahame. Namba tukaitia rangi nyekundu. Kilima kimoja tu, mvua moja tu, nami nikafanya sheria. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angenifanyia hivyo ningempa sifuri.

Mwezi Machi 2002 tulituma sidii zenye masomo yale kwa shule arobaini. Uzinduzi wa maktaba ukapangwa tarehe ishirini na nane Aprili, na wageni kutoka Dar na wengine kutoka ng'ambo. Mama Dorothea alikuwa apewe cheti.

Kulikuwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, Asha, binti wa Abdallah na Mwanaheri. Walilima kabichi na nyanya kwenye matuta chini ya kilima kilekile kilichomeguka, upande uliobaki. Asha alichukua kopo la maziwa ya unga, akalisimika kwenye mti nje ya nyumba, na kila asubuhi akawa anapima kwa rula. Abdallah alimwonea fahari binti yake mpaka ikachosha. Majirani walikuja kuuliza kopo linasema nini kabla hawajauliza habari za asubuhi.

Masika yalianza vizuri, kisha yakawa mabaya. Asubuhi moja Asha alimkuta Mama Dorothea kwenye kipimamvua, wakalinganisha namba zao kama walivyozoea.

"Kwetu kwa siku tatu ni sitini na tano, bibi," Asha akasema. "Bado sana. Baba kasema hatuhami mpaka mia na hamsini."

"Mia na hamsini ya nini?"

Asha akamshika mkono, akampeleka ndani na kumfungulia Somo la Saba. Mama Dorothea aliiona namba yake, nyekundu, kubwa, katikati ya kioo.

Siku ileile, tarehe tisa Aprili, alinikuta maktaba peke yangu nikiandika majina ya wageni. Hakuketi. Alinieleza yote niliyowaeleza: gilasi, karani, barua, bati. Alieleza polepole, bila kulia, mikono ameifunga kwenye khanga.

"Sasa hizo za Januari," akasema, "hata bati sikulisikiliza. Nilikuwa nimelala na homa. Nilipoinuka nikaambiwa mlima umeanguka. Nikaona mlima ukianguka lazima mvua iwe kubwa. Nikaandika kubwa."

Nilielewa kabla hajamaliza. Kama namba ilikuwa kubwa kuliko mvua yenyewe, basi kilima kile kinaanguka mapema kuliko tunavyofundisha. Mapema kiasi gani, hakuna ajuaye.

"Kwa nini hukuyatoa hayo madaftari manne?"

"Ningeyatoa, mngeuliza. Na yale mengine ni ya kweli, mwalimu. Ishirini na nne ni ya kweli. Sikutaka yachomwe."

Nilimkasirikia. Nawaambieni nilivyokuwa: sikufikiria kopo la Asha. Nilifikiria wageni, na mkuu wa shule, na sidii arobaini zilizokwisha kwenda, na jinsi nitakavyosimama na kusema kwamba maktaba yangu imejengwa juu ya mvua ya kubuni.

"Mama, subiri," nikamwambia. "Wageni wakiondoka tutarekebisha. Siku kumi na tisa tu."

"Mvua haisubiri wageni."

"Na wewe ulisubiri miaka saba. Siku kumi na tisa zitakushinda?"

Alinitazama. Nilikuwa nimemchoma pale penyewe. Akatoka, akaenda kwenye kipimamvua kuchukua daftari lake alilolisahau juu ya nguzo, akasimama pale akiandika. Nikamwona kwa dirisha, nikarudi kwenye majina yangu.

Hakusubiri. Alipanda mwenyewe mpaka kwa Abdallah, na mguu wake unaomuuma, katika utelezi ule. Mwanaheri alinisimulia baadaye. Walimkaribisha vizuri, wakampa uji, akawaambia ile namba ni ya uongo, aliitunga yeye, wahame.

"Bibi," Abdallah akamwambia kwa heshima, "wewe umechoka. Namba imo kwenye kompyuta. Mwalimu Raheli kaifundisha."

"Nimeiandika mimi, mwanangu."

"Na mama yangu hatembei. Nimhamishie wapi kwa maneno matupu? Kopo likifika, nitambeba."

Akaenda nyumba kwa nyumba. Familia moja tu ilimsikia, ikashuka kwa ndugu zao Soni, na watu wakaicheka. Lakini Abdallah hakuwa mjinga. Neno la yule mama lilimkaa, na kesho yake akamtuma Asha. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda na mkuu wa shule, tunapanga viti vya wageni.

"Mwalimu, shikamoo. Baba anauliza, ile namba ni ileile?"

Mkuu wa shule akatabasamu. Alipenda wanafunzi wanaouliza.

Nikasema, "Ni ileile."

Asha akashukuru, akakimbilia darasani.

Tarehe ishirini na tano, siku ya Alhamisi, kopo la Asha lilikuwa na jumla ya milimita tisini na nane kwa siku tatu. Alimsomea baba yake, akaja shule. Mwanaheri alikwenda gulioni na kabichi. Saa nne hivi tulisikia darasani kishindo kama lori linamwaga kokoto, kikaendelea kuliko lori lolote. Wanafunzi walikimbilia dirishani. Ng'ambo ya bonde, kilima kilikuwa na jeraha jekundu kutoka juu mpaka chini, na kwa Asha hapakuwapo.

Walimtoa Abdallah jioni, na mama yake mgongoni kwake, amefungwa kwa khanga. Alikuwa amembeba. Alikuwa amefika mlangoni.

Wageni hawakuja. Siku ileile barabara ya Mombo ilikatika sehemu tatu, na uzinduzi uliahirishwa mpaka mwezi wa sita, kisha mradi ukaisha muda wake, na maktaba haikuzinduliwa kamwe. Niliwasubiri watu ambao hawakufika.

Baada ya arobaini Asha alikuja kuchukua madaftari yake. Alikuwa anaacha shule. Alisimama mlangoni pa maktaba.

"Mwalimu, mia moja sitini na mbili ilitoka wapi?"

Ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Ilitoka kwa Mama Dorothea."

Hilo lilitosha. Kufikia Jumapili soko zima lilijua kwamba yule mama wa kambini alitunga mvua na watu wawili wakafa. Wengine walisema zaidi, kwamba mtu aliyekaa na mvua miaka yote hiyo huenda anayo mambo yake. Mwenye nyumba akamwambia chumba anakitaka kwa ajili ya ndugu. Kanisani benchi la nyuma likawa lake peke yake. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ya miaka saba, akaufikia mwisho kwa miguu yake na akasema. Yangu ndiyo imekuwa ndefu.

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba nilijua. Nilingoja aseme. Kila nilipoona watu wawili wamesimama njiani wanazungumza, nilipunguza mwendo nisikie wanasema nini. Hakusema. Alihamia chumba kingine cha mbali zaidi, na bado kila siku saa tatu alikuwa kwenye kipimamvua chetu. Nikimwamkia, anaitikia. "Marahaba, mwalimu." Basi.

Halafu akaniomba madaftari yale manne. Nikampa. Alikaa nayo miezi mitano. Aliponirudishia, kando ya kila siku, kuanzia tarehe kumi na nne Machi 1995 mpaka tarehe moja Juni 1998, alikuwa ameikata namba kwa kalamu nyekundu na kuandika, kwa ule mwandiko wake wima: Sikupima. Sikupima. Sikupima. Elisante alihesabu. Ni mara elfu moja mia moja sabini na sita. Hakuruka hata siku moja, na hakuandika kwa mkato.

Alifariki Februari 2005, wakati wa kiangazi. Tulikuwa watu tisa kaburini, pamoja na Mwanaheri, ambaye sikumtarajia. Alirusha udongo wake, akaniangalia, akaondoka bila kunipa mkono.

Mwaka uleule Elisante alipata nafasi ya kuihamishia maktaba kwenye mtandao, ili isomwe popote. Akaanza upya kupitia madaftari yote, na yale ya shuleni pia, yaliyoandikwa na Mama baada ya kustaafu. Mchana mmoja aliniita. Alikuwa na daftari la 2002 mbele yake, na kidole kimekaa kwenye ukurasa.

Madaftari yale yana safu ya mwisho, pana kidogo, ya maelezo. Kwa kawaida Mama aliandika humo neno moja: ukungu, radi, mawe. Kwenye tarehe tisa Aprili kipimo ni 11, na katika maelezo ameandika: Nimemwambia Mwalimu.

"Hii ni nini?" Elisante akauliza. "Niiingize, au niache wazi?"

Hakuwa ananitega. Nafikiri hakujua, au alijua na akanipa heshima ya kuuliza. Miaka mitatu ukurasa ule ulikuwa kwenye rafu yangu, hatua nne kutoka kwenye kiti changu, na mtu yeyote angeweza kuufungua. Yeye alikuwa ameandika alichokipima na alichokifanya, akalifunga daftari, akaniachia.

Nikamwambia Elisante aniachie kiti. Mimi ni mwandishi mbaya wa kompyuta, natumia vidole viwili. Nikatafuta mwaka, mwezi, siku. Tarehe tisa Aprili, milimita kumi na moja. Kwenye maelezo nikaandika, Nimemwambia Mwalimu. Chini yake nikaongeza jina langu, kwa sababu walimu ni wengi.